Magauni Kutoka Nyumba Isiyo na Mtoto

Jumapili, mwezi wa kumi na moja. Mchana.

Tangu alfajiri ukungu haujainuka hapa Kayanga. Nikikaa mlangoni nauona mgomba wa kwanza tu. Wa pili ni kivuli, na baada ya hapo hakuna kitu. Kengele ya kanisa imelia na sijaenda. Koku yuko ndani, amekaa kitandani, hajaniuliza kwa nini hatujaenda ibadani.

Jana tulimzika mtoto ambaye hakuwepo.

Nimeandika sentensi hiyo na nimeitazama muda mrefu. Nimenawa mikono kwa majivu mara tatu, maana sabuni haipo madukani, na bado udongo umebaki kwenye kucha. Naandika yote tangu mwanzo, sehemu zangu mbaya zikiwemo. Hakuna mwingine ninayeweza kumwambia. Mume wangu yuko Bukoba kikazi na atarudi mwisho wa mwezi, na sijui nitaanzia wapi.

Sisi ni wanawake sita tunaozoa taka za mji huu. Tulianza mwaka juzi, watu wa mtaa wa sokoni walipoanza kuharisha na watoto wakafa. Aliyetukusanya ni Ma Yulita wa Bugene, mama mtu mzima asiyependa maneno mengi. Tuna toroli moja na matenga. Asubuhi tunapita nyumba kwa nyumba, mchana tunachambua nyuma ya soko. Maganda ya bitoke, ndizi zetu za kupika, na makapi ya maharage yanaingia shimoni, tunayafunika kwa udongo, yakioza yanakuwa mbolea. Watu wa Ndama na Kiruruma huja kuichukua kwa ajili ya migomba yao. Makopo yanakwenda kwa fundi bati, anayageuza vibatari. Chupa tunaziosha. Matambara tunayafua, yanajazwa kwenye magodoro na mito.

Lile shimo hutoa mvuke asubuhi za baridi, bila moto wowote. Ukichomeka mkono ndani ni moto kama ubavu wa ng'ombe. Wiki ya kwanza nilikataa kulisogelea peke yangu.

Watu wanatuhitaji, na pia wanatuogopa. Kwenye taka kuna nywele, kuna kucha, kuna kitambaa cha mama aliyejifungua usiku. Zipo nyumba ambazo mwenye nyumba husimama na kutukodolea macho mpaka tumemaliza kumwaga, ahakikishe hatuchukui kitu chake cha mwilini. Kwa hiyo Ma Yulita alituwekea sharti moja: ukikuta kitu kizima, kirudishe uulize. Alisema siku tutakayosikika tumeficha kitu cha mtu, tutaitwa wachawi, na toroli litachomwa moto pamoja na kazi yetu yote.

Mimi ndiye katibu, mwenye kushika ufunguo wa stoo. Sharti hilo nililiandika mimi, kwa mwandiko wangu, kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la kikundi.

Ni mimi niliyelivunja.

Katika barabara ya kwenda Bugene, nyumba ya mwisho kabla ya mashamba, anakaa mwanamke mshonaji. Alikuja baada ya vita kutoka upande wa Murongo, karibu na mpaka wa Uganda, peke yake, na cherehani ya mkono. Huku kwetu mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake. Mimi ni Ma Koku, hata mume wangu husahau jina langu la ubatizo. Yeye tulimwita Fundi tu. Hakuwa na mtu. Alishona barazani, akaongea na wateja kwa upole, jioni akafunga mlango.

Taka zake zilikuwa safi kuliko za nyumba yoyote: majivu, nyuzi, maganda machache, na vipande vya kitambaa vyembamba kuliko kidole. Hakupoteza hata kipande cha kutosha kiraka.

Ndiyo maana siku nilipokuta kile kifurushi chini ya majivu yake nilishtuka. Kilikuwa kimefungwa kwa majani makavu ya mgomba na kushonwa uzi kuzunguka, kwa uangalifu. Ndani mlikuwa na gauni la mtoto wa miaka sita. Jipya. Matundu ya vifungo yalikuwa bado magumu, hayajawahi kupitishwa kifungo.

Anayesoma haya baadaye huenda asielewe. Siku hizi kitambaa hakipatikani. Duka la ushirika likipata jora moja, watu wanapanga foleni tangu giza, na wengi wanarudi mikono mitupu. Koku alikuwa na sare ya shule na gauni moja ambalo nilikuwa nimelitia viraka mpaka rangi yake ya kwanza nimeisahau.

Nililiweka kifuani, ndani ya blauzi, nikaendelea kusukuma toroli.

Lilimkaa Koku vizuri mno. Nilimwambia limetumwa na shangazi yake wa Muleba. Alicheza nalo mpaka akalala nalo.

Baada ya miezi kadhaa kikaja kifurushi cha pili, mahali pale pale chini ya majivu, uzi ule ule. Koku alikuwa amerefuka, na gauni nalo lilikuwa limerefuka. Sikuhitaji kupandisha pindo wala kushusha. Nilijiambia watoto wa umri mmoja hulingana.

Cha tatu ndicho kilichonitia baridi. Mwezi wa sita mwaka huu Koku alianguka kutoka kwenye mpera akavunjika mkono wa kushoto, wakamfunga plasta. Wiki mbili baadaye nikakuta kifurushi. Mkono wa kushoto wa gauni lile ulikuwa umekatwa wazi kuanzia begani, umewekewa vifungo vitatu, ili upanuke.

Nilisimama nyuma ya soko nimelishika, na wenzangu wanachambua makopo. Nilijua kwamba gauni hilo halikushonwa kwa bahati. Nilijua kwamba kuna mtu anamtazama mwanangu.

Nikalichukua hata hivyo. Mkono wenye plasta ulipita bila kumuumiza.

Hiyo ndiyo sehemu inayonitesa. Mtu akisema nilidanganywa atakuwa ananionea huruma bure.

Jumatano iliyopita toroli lilipasuka gurudumu, nikachelewa, nikapita barabara ya Bugene saa ambazo watoto wameshatoka shule na kuvua sare. Mlango wa Fundi ulikuwa umefungwa lakini dirisha lilikuwa wazi. Nikasikia akiita kwa sauti ya mama anayemwita mtoto chumba cha pili:

“Kemilembe!”

Na sauti ya mtoto ikaitika, “Abee.”

Sauti hiyo naijua. Naisikia kila siku.

Nilisogea mpaka dirishani. Koku alikuwa amesimama ameegemea ukuta, miguu pamoja, kidevu juu. Fundi alikuwa amempigia magoti na kipande cha mkaa mkononi, anachora mstari ukutani juu ya kichwa chake. Nyuma yao kulikuwa na kitanda kidogo kimetandikwa, na mto.

Mama mwingine angevunja ule mlango. Mimi nilirudi kwenye toroli nikalisukuma nikaondoka, maana mwanangu alikuwa amevaa gauni nililoiba.

Jioni nilimuuliza amekuwa akienda kule tangu lini. Akasema tangu apone mkono. Fundi humpa maziwa, humpima, humsimulia habari. Nikamuuliza kwa sauti niliyoijua ni mbaya, “Na kwa nini unaitika jina lisilo lako?”

Koku aliinama, akawa anachezea kidole cha mguu.

“Nisipoitika analia, Mama.”

Nilimkataza kupita kule, akakubali haraka, nikaona amefarijika na pia ameumia.

Ijumaa nilifungasha magauni yote matatu nikaenda. Fundi alikuwa barazani. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akakiangalia kifurushi, akasimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja.

“Nimekurudishia,” nikasema.

“Hayo yameshampita,” akasema. “Karibu ndani, Ma Koku.”

Ukuta ulikuwa na mistari ya mkaa kutoka usawa wa paja langu kwenda juu. Ya chini ilikuwa imepauka, imechorwa kwa kukisia, na mingine imefutwa na kurudiwa. Mitatu ya juu ilikuwa myeusi, imenyooka. Hakuonyesha aibu yoyote. Alinionyesha kama mtu anavyomwonyesha mgeni picha za familia.

Akanieleza bila kulia. Alikuwa na binti, Kemilembe, mwenye miaka mitatu. Mabomu yaliposikika ng'ambo walikimbia na kijiji kizima kupitia mashambani. Mtoto alikuwa mkono wa kulia, cherehani begani. Bega likachoka. Akamwachia mtoto mkono ili ahamishie cherehani bega la pili.

“Kiasi cha mtu kupiga chafya,” akasema. “Nilipoteremsha mkono kumshika, nikashika majani.”

Alirudi nyuma, akaita, akakaa mashambani siku tatu. Hakuna aliyemwona mtoto, akiwa hai wala maiti. Cherehani alikuwa nayo. Tangu hapo kila msimu anashona gauni la umri ambao Kemilembe amefikia, analiweka, na umri ukipita analitupa. Kumpa mtoto mwingine kungekuwa kukubali kwamba mwenyewe hatarudi. Kwa hiyo alikuwa akiyatupa, akikisia urefu, kila mwaka akizidi kutokuwa na uhakika.

“Halafu siku moja nikamwona akipita barabarani na gauni lake,” akasema. “Limemkaa. Nikajua amefika wapi.”

“Yule ni Koku.”

“Najua ni Koku. Mimi si kichaa.” Akagusa mstari wa juu kwa kidole. “Lakini anakua, Ma Koku. Kama huyu anakua, na yule anakua.”

Nilipaswa kumshika mkono. Hofu ilikuwa imenijaa, na nyuma ya hofu kulikuwa na wizi wangu, na nilitaka mtu mwingine awe mkosaji. Nikamwambia neno ambalo nadhani hakuna mtu aliyewahi kumwambia tangu aingie mji huu.

“Mwanao alikufa, Fundi. Huyu ni wangu.”

Nilisema maneno hayo ili yamuumize. Yalimuumiza. Alikaa kwenye kile kitanda kidogo, taratibu, akaweka mikono mapajani, na nilipoacha kifurushi na kutoka nje sikusikia cherehani ikianza tena.

Jana asubuhi Ma Yulita akafika kwangu na jembe begani. Ukungu ulikuwa kama wa leo.

“Fundi ametuita wote sita,” akasema. “Amesema tuje na majembe. Na amesema umlete Koku.”

“Koku wa nini?”

“Sikuuliza. Wewe ndiye unayejua, nadhani.”

Alinitazama muda mrefu kidogo kuliko kawaida. Nikamfunga Koku kitenge mabegani, akiwa na sare yake ya shule, tukaenda.

Fundi alikuwa ameshachimba mwenyewe nyuma ya nyumba, katikati ya migomba, shimo la kufika magotini. Tukalimalizia. Tunajua kuchimba, ni kazi yetu. Lakini shimo la maganda mtu hulichimba akipiga soga, na jana yalisikika majembe tu. Matone yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye majani ya migomba mgongoni mwangu.

Kisha akatoa sanduku la bati, akalifungua mbele yetu.

Nilidhani nitaona magauni ya utotoni tu. Alikuwa ameshona mbele. Kulikuwa na la miaka kumi, la miaka kumi na miwili, jeupe la kipaimara, sketi ya msichana aliyevunja ungo, na chini kabisa gauni la mwanamke mzima, refu kuliko mimi, limekunjwa na karafuu ndani. Miaka ile yote sisi tukivaa viraka, mwanamke huyu alikuwa akimvisha mtu maisha yake yote mapema. Wenzangu waliyatazama yakipita moja baada ya jingine, na hakuna aliyenyoosha mkono kuyagusa.

Halafu yakaja matatu ya Koku. Niliona wenzangu wakiyatambua. Kila mtu hapa anajua gauni la mtoto wa mwenzake. Mmoja aliguna. Ma Yulita aliangalia gauni lenye vifungo begani, akamwangalia Koku, akaniangalia mimi.

Nikasema palepale kwamba niliyakuta kwenye tenga lake na sikuyarudisha. Kwamba sikumwambia mtu.

Fundi peke yake alitikisa mkono, kama anayefukuza nzi, akasema, “Yalikuwa yametupwa.” Akayapanga shimoni pamoja na mengine, madogo juu ya makubwa.

Akasema kwamba bibi yake alimfundisha: aliyepotea hazikwi kabla ya kuitwa mara tatu, kwa sababu kama yupo mahali ana haki ya kuitika. Akatugeuzia mgongo, akatazama upande wa mashamba, kwenye weupe ule mtupu.

“Kemilembe!”

Tukasubiri. Hata ndege hawakulia.

“Kemilembe!”

Ilikuwa sauti ile ile niliyoisikia dirishani, ya mama anayeita chumba cha pili. Nilijikuta natazama ukungu. Sote tulikuwa tunatazama ukungu, na nina hakika sikuwa peke yangu niliyeogopa kuona kitu kikisogea.

“Kemilembe!”

Nikahisi Koku, aliyekuwa ameniegemea, akivuta pumzi.

Nilimziba mdomo kwa kiganja. Sikufikiri. Nilimkandamiza kichwa kwenye tumbo langu nikamziba, na midomo yake ikacheza ndani ya mkono wangu, na joto la pumzi likatoka kati ya vidole. Neno fupi. Najua ni neno gani.

Fundi hakugeuka. Alisimama hivyo muda mrefu mpaka mmoja wetu akaanza kulia kimyakimya. Kisha akainamisha kichwa mara moja, kama mtu anavyofanya akiwa ameitikiwa.

“Haya,” akasema. “Fukieni.”

Tukafukia. Ma Yulita akaongoza sala ya Kikatoliki, mimi Mlutheri nikaitikia pamoja nao. Fundi akatukaribisha uji, tukanywa tukiwa tumesimama. Alimpa Koku kikombe cha kwanza na kumwita kwa jina lake.

“Chukua, Koku.”

Mtoto akanitazama kwanza ndipo akapokea.

Tulipofika barabarani Ma Yulita akawaacha wengine watangulie. Alinyoosha mkono, nami nikajua anataka nini. Nikafungua fundo la kanga nikampa ufunguo wa stoo.

“Ningekufukuza,” akasema, “lakini waliokuwa pale wote wamekusikia ukisema mwenyewe, mbele ya mwenye mali. Jumatatu uje. Daftari atashika mwingine.”

“Asante, Ma Yulita.”

“Usinishukuru. Kama yule mama angekuwa na moyo mwingine, leo watu wangekuwa nyumbani kwako na mawe.”

Ni kweli. Nimelala nikiwaza hayo mawe, na asubuhi nimeamka nikiwaza kitu kingine.

Koku ameniuliza swali moja tu tangu jana. Alikuwa anakunja kitenge. “Mama, Fundi akiniita Koku, niende?”

Nimemwambia aende. Nimemwambia akishatoka shule anaweza kupita, anywe maziwa yake, arudi kabla ya jioni, na aniambie kila mara. Sikujua kwamba nitasema hivyo mpaka nilipokuwa nimeshasema. Akaitikia kwa kichwa, akarudi kitandani, na ndipo alipo mpaka sasa, ametulia mno kuliko ninavyopenda.

Kuna jambo moja ambalo sitaweza kumuuliza Fundi maisha yangu yote, wala yeye hataweza kuniambia. Nililizuia lile neno au halikuzuilika? Mimi nililisikia mkononi. Yeye alikuwa hatua nne mbele, mgongo wake kwetu, na hakuna upepo. Je, alisikia?

Maana kama hakusikia, basi amemzika mwanawe, na ni vizuri, na Mungu amtulize.

Na kama alisikia, jana tulifukia nini?

Kesho zamu ya barabara ya Bugene ni yangu. Nimeamua sitaikwepa. Nitalisukuma toroli mpaka nyumba ya mwisho, nitasema shikamoo, Ma Kemilembe, na nitasubiri nione ataitika vipi.